Shule ya Mwalimu Zakayo

Jumapili, mwezi wa tano, 1934. Mvua ya mawe tangu saa tisa.

Mawe yanapiga bati la kiwanda mpaka boila lenyewe halisikiki. Chai ya upande wa mtoni itakuwa imetobolewa kama kichungio. Kesho bwana atauliza kwa nini wachumaji wameleta vikapu nusu, na mimi sitakuwapo kumjibu. Ukiacha jana, itakuwa mara ya kwanza. Miaka kumi na mmoja hakuna asubuhi nyapara Nafutali alikosekana kwenye mistari ya chai kabla ukungu haujapanda. Hata siku niliyoumwa na chui nilikuja kazini, mkono nimeufunga kwa shuka.

Sawa, hakuwa chui. Alikuwa paka wa bwana. Lakini alikuwa paka mkubwa.

Ona. Hata hapa, kwenye kitabu kisichosomwa na mtu yeyote, mkono wangu unakwenda wenyewe. Leo nitaushika.

Nianze na dada yangu Dorka. Yeye na mumewe Mika wanahama, au nasema walikuwa wanahama. Mika ni fundi wa boila hapa kiwandani. Bwana mdogo, msaidizi wa bwana wa shamba, amepewa kazi ya kufungua shamba jipya la chai kusini kabisa mwa Tanganyika, na amemchagua Mika kwa sababu Mika husikiliza boila kama mganga anavyosikiliza tumbo. Safari ni ya kuchosha hata kuitaja: lori mpaka stesheni ya Lumbwa, gari la moshi mpaka Kisumu, meli mpaka Mwanza, tena gari la moshi, tena lori. Mika ametia dole gumba kwenye mkataba, na dole likishatiwa halifutiki. Lori linaondoka kesho asubuhi.

Lakini kule bado ni msitu. Bwana mdogo alisema mke ruhusa, watoto hapana, mpaka kambi ijengwe. Mwaka mmoja, labda miwili. Basi tangu mwezi wa pili neno katika nyumba ya dada yangu limekuwa moja tu: Awino ana miaka tisa, Petro ana sita, watasoma wapi?

Waliniita mimi. Wangemwita nani mwingine? Katika laini hii yote ya wafanyakazi mimi ndiye niliyefika darasa la pili, na ningefika la tano kama mwalimu asingeona wivu. Nikakaa kwenye kiti chenye mgongo, nikawekewa chai yenye maziwa, nikasikiliza kama jaji.

Shule ya kwanza ilikuwa ya misheni iliyo hapa karibu, mwendo wa saa moja. Wanafundisha kwa Kikipsigis, lakini watoto hawa wamezaliwa hapa na Kikipsigis wanakijua kuliko mimi. Kuna bweni, kuna uji, na mwalimu aliweka nafasi mbili kwa ajili ya Mika kwa sababu Mika aliwahi kumtengenezea pampu. Mika alitaka hiyo. Ya pili ilikuwa ile ya nyumbani kwao Mika, kule chini ziwani, chumba kimoja cha udongo nyuma ya kanisa, mwalimu anayekuja akikumbuka. Huko wangekaa na mama yake Mika, ambaye haoni vizuri tena.

Ya tatu ni shule ya Mwalimu Zakayo.

Hiyo hakuna asiyeijua hapa. Mimi ndiye nimeisimulia. Iko mlimani, kutoka Iringa ni mwendo wa siku moja, imejengwa kwa matofali na Wajerumani. Madirisha yake ni mengi hata ukianza kuyahesabu asubuhi unaishia saa ya chakula. Kengele yake inasikika mpaka bonde la pili. Watoto hulala kwenye vitanda vya chuma, hula nyama mara mbili kwa wiki, na huvaa nyeupe yenye ukosi wa buluu. Na mwalimu mkuu pale, anayevaa viatu hata ndani ya nyumba, ni kaka yetu mkubwa, Zakayo, aliyekwenda vitani pamoja nami na kubaki huko kwa sababu Wazungu walimlilia asiondoke.

Zakayo amekufa.

Amekufa tangu mwaka wa tatu wa vita. Mimi najua kwa sababu mimi ndiye niliyemfukia.

Nimeliandika. Mkono haukuongeza kitu, na limeandikika.

Tulikuwa Kariakoo, jeshi la kubeba mizigo. Sikubeba mzinga peke yangu kama ninavyosema. Nilibeba mchele, na mchele ulikuwa unatushinda. Jengo lile nililiona kweli, la matofali, lenye madirisha. Ila tulipofika Wajerumani walikwisha kimbia na Waingereza walikuwa wamelifanya hospitali ya wabeba mizigo. Madawati yalichomwa kupikia. Watu walilala sakafuni kwa safu kama magunia, wanahara damu, na waliokufa usiku tuliwatoa asubuhi kwa mlango wa nyuma. Nyeupe pekee niliyoiona pale ilikuwa chokaa tuliyomwaga juu ya mashimo.

Zakayo alilala siku nne. Siku ya nne aliniomba maji. Nikachukua kopo, nikateremka mtoni. Njiani nikawakuta askari watatu wanachoma nyama, wakaniuliza, wewe mrefu, umetoka wapi? Nikawaambia. Nikaongeza kidogo. Wakacheka, wakanikatia kipande. Nikaongeza tena. Sijui nilikaa muda gani. Najua nilisimulia kiboko niliyemuua kwa kasia, na najua kopo lilikuwa pembeni yangu, tupu.

Niliporudi na maji walikuwa wamekwisha mtoa kwenye safu.

Karani alimwandika jina ambalo si lake, kwa hiyo hakuna karatasi iliyokuja nyumbani, hakuna mtu wa serikali aliyekuja kuuliza. Nilirudi peke yangu. Mama alikuwa mlangoni, akatazama nyuma yangu kuona kama kuna mwingine anakuja. Nikasema amebaki. Nikasema amepata kazi. Mama akakaa chini akacheka kwa furaha mpaka kilemba kikaanguka, na mimi nilipoona vile nikaongeza: kazi ya ualimu.

Baadaye zikaja barua. Mimi ndiye huchukua mfuko wa barua wa shamba kutoka posta ya Kericho, basi nani angeshangaa? Niliziandika nyuma ya banda la kukaushia, mbili au tatu kwa mwaka, na kumsomea Mama kila niliporudi nyumbani. Zakayo alizidi kukua mkononi mwangu. Alipata baiskeli. Alipata mke mweupe kama chai ya maziwa. Mama alikufa mwaka juzi amezilalia barua zile, tukamzika nazo. Pale ndipo ningeacha. Kaburi la Mama lilikuwa mahali pazuri pa kuachia.

Sikuacha. Dorka naye alizipenda, na mimi, nitasema nini, nilimpenda Zakayo yule. Alikuwa kaka mzuri.

Awino peke yake alinitia wasiwasi. Siku moja aliinusa barua, akaniuliza, "Mjomba, kumbe na kwa Mjomba Zakayo kuna kiwanda? Karatasi yake inanuka chai." Nikamjibu kwamba Zakayo hunywa chai vikombe tisa akiandika. Akanitazama kidogo, akaikunja barua vizuri sana, akairudisha kwa mama yake.

Krismasi iliyopita nilifanya kosa ambalo nitakwenda nalo kaburini. Nilitaka barua ya Krismasi iwe kubwa. Nikajiuliza, mwalimu mkuu mwenye vitanda vya chuma angemwambia nini dada yake? Nikaandika: nileteeni watoto, niwasomeshe mimi.

Maneno manne tu. Yalisomeka vizuri. Dorka alilia.

Miezi miwili baadaye bwana mdogo akasema Tanganyika. Akasema kusini. Lori lake litapita mlima uleule.

Mnaona? Hakuna aliyesema ni bahati. Walisema ni Mungu.

Mika alijaribu. Alisema, "Shemeji, watoto watakuwa mbali na watu wote wanaowajua." Dorka akamgeukia, "Watakuwa kwa mjomba wao! Wewe unataka niwaache kwa mgeni wakati ndugu yangu wa tumbo moja amewaita?" Wakanitazama mimi. Nilikuwa na kikombe mdomoni. Ningeweza kusema shule ya hapa ni bora. Ningeweza kusema mlima ule una baridi, una nyoka, una chochote, nimekuwa nikitunga uongo miaka kumi na sita na siku hiyo mmoja mdogo tu ungetosha. Nikasema, "Zakayo atawafurahia."

Ijumaa ya wiki iliyopita Mika alikwenda misheni akamwambia mwalimu awape wengine zile nafasi mbili.

Dorka akashona. Nyeupe, ukosi wa buluu. Wiki nzima nguo zile zimetundikwa kwenye kamba mbele ya nyumba yake, ndogo mbili, na mimi nikipita asubuhi na wachumaji wangu nageuza uso. Ukosi ule wa buluu niliutoa kwa baharia mmoja wa meli ya Kisumu. Hakuna shule ninayoijua inayouvaa.

Na mpango ulikuwa hivi: lori lisimame pale mlimani, watoto washuke na sanduku lao, Dorka awakabidhi kwa Mwalimu Zakayo, kisha lori liendelee siku mbili msituni. Nilikuwa nalala naliona lori lile. Namwona dada yangu anauliza kwa mtu wa kwanza, kisha wa pili. Namwona dereva anapiga honi kwamba wamechelewa. Na bwana mdogo si mtu wa kugeuza lori.

Jumatano nilijaribu kutoka kwa mlango mdogo. Nikaandika barua ya mwisho, kwa mkono mwingine, kama imetoka kwa padri wa huko: Mwalimu Zakayo ameaga dunia kwa homa fupi. Kengele imelia siku nzima, wanafunzi mia mbili wamemsindikiza wakiimba, jeneza limechukuliwa na watu wanne kutoka kila kabila. Ilikuwa barua nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Nililia nilipoisoma.

Kisha nikaona ninachofanya. Nilikuwa nampa mazishi mazuri mtu niliyemburuta kwa miguu mpaka kwenye shimo la chokaa. Na Dorka angeitunza barua ile, angeisoma kwa watu, na mimi ningekaa pale nikitikisa kichwa kwa majonzi na kuongeza. Nikaichoma.

Jumamosi alfajiri nikashika njia ya Sondu, ile inayoteremka kuelekea ziwani.

Sisi watu wa ziwani, mtu wetu akipotelea maji au vitani na mwili usionekane, tunachukua tunda la yago, lile la kijivu linaloning'inia kwa kamba yake ndefu, zito kama paja la mtu. Linafungwa nguo, linalazwa kaburini, linaliliwa. Ndiye yeye. Bila hivyo hana pa kulala. Hapa juu kwenye chai miti ile haipo, baridi haiitaki. Nikateremka mpaka alasiri, nikalala kwa mtu wa ukoo wetu, leo usiku wa manane nikachuma moja, nikalitia kwenye gunia na kupanda nalo. Mabega haya yalisahau mzigo zamani. Yamekumbuka.

Karibu na kivuko nilikutana na Arap Tonui, jirani yetu anayetuletea maziwa, anashusha ndama. Ni mtu ninayempenda kwa sababu anaamini habari zangu zote, au ananiachia nifikiri anaamini.

"Chamgei, Nafutali! Umebeba nini? Ni tumbili?"

Nilifungua mdomo kumwambia ni pembe ya kifaru. Haikutoka. Akaligusa gunia kwa fimbo.

"Hii najua," akasema. "Ni ya kuzika mtu wenu. Niliona Sondu. Nani amekufa?"

"Kaka yangu."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema kwa sauti.

"Pole sana, rafiki. Amekufa lini?"

"Juzi."

Arap Tonui akanitazama usoni. "Hapana. Uso kama hii si ya juzi," akasema, akamfuata ndama wake.

Nilifika kwa Dorka wametoka kanisani. Masanduku yalikuwa yamefungwa, nyumba imebaki sufuria na mkeka tu. Watoto walikuwa wamevaa zile nguo nyeupe. Dorka aliwavalisha ili mimi niwaone. Awino alisimama wima, mikono ubavuni, kama ananisubiri nipige saluti.

Petro ndiye aliyeona gunia. "Mjomba ametoka Sondu! Ni samaki!"

"Ni kamongo," akasema Mika, anacheka, analipima kwa mkono. "Tazama urefu wake. Shemeji, leo umejitoa."

"Hata mimi nilijiuliza huyu mtu yuko wapi tangu jana," akasema Dorka. "Kumbe anataka tuondoke midomo ikinuka ziwa! Awino, lete sufuria kubwa. Usichafue nguo. Kaka, kaa, umechoka. Huyo kamongo alikupiga vita? Wacha, najua, alikuburuta majini siku mbili."

Wote wakacheka. Wakanigeukia wakingoja nisimulie.

Sikusema kitu. Nasema hivi si kwa kujisifu, kwa sababu hata hapo sikunyamaza kwa ushujaa. Nilinyamaza kwa sababu nilitafuta kisa cha kamongo nikakikosa.

Petro akafungua kamba ya gunia.

Yeye hakujua ni nini. Kazaliwa juu huku. Alilipiga kofi tunda lile akasema, "Mama, huyu samaki ni mti." Awino alikuja na sufuria akasimama. Mika akaondoa kofia. Dorka alitazama tunda, akanitazama mimi, akatazama tunda. Nilimwona akipita majina ya watu wetu mmoja mmoja kichwani, na kila jina akijua kaburi lake liko wapi. Mpaka likabaki moja.

"Hapana," akasema.

Kisha akasema, "Barua imekuja?"

"Hakuna barua, Dorka."

"Basi umejuaje?"

"Hakuna barua hata moja," nikasema. "Zote ni mimi."

Akakaa juu ya sanduku. Akawaambia watoto watoke nje, wakatoka, lakini sikusikia nyayo zikienda mbali. Akasema, "Sema." Nikaanza. Nikasema tulikuwa juu ya mlima, na mizinga inalia pande zote, na Zakayo...

"Simama." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Sema bila mizinga."

Siku ile haikuwa na mizinga. Ilikuwa kimya, na nzi. Nikasema hivyo. Nikasema maji, kopo, askari, nyama. Nikasema chokaa. Iliisha upesi sana. Nimewahi kusimulia kiboko yule kwa saa mbili, na kifo cha ndugu yangu kiliisha kwa muda usiotosha kuchemsha maji.

Mika alikuwa mlangoni. "Na watoto?" akaniuliza. "Ungewaacha washuke pale?" Akavaa kofia akatoka, mbio, upande wa misheni.

Tukabaki wawili. Nilidhani atanipiga. Nilitaka anipige. Badala yake aliuliza kama mtu anayetafuta sindano sakafuni, "Zile barua zangu kwake? Nilizokuwa nakwambia uandike, ukapeleke posta?"

"Ziko chini ya kitanda changu. Sikutupa hata moja."

"Na ile aliyoandika Awino mwenyewe?"

"Ipo."

Akatikisa kichwa polepole, kisha akaacha. Nikaona jambo jingine linamjia usoni, na nikalijua kabla hajalisema, kwa sababu nimeliogopa miaka sita.

"Petro," akasema. "Petro alilia."

Petro alipozaliwa alilia wiki tatu mchana na usiku. Tumebatizwa, ndiyo, lakini mtoto akilia hivyo wazee wetu wanajua kuna aliyekufa anayetaka jina lake liitwe. Akina mama wa laini walikaa na kuita majina ya wafu wetu wote, mmoja baada ya mwingine, na akinyamaza kwa mmoja basi ndilo lake. Hakunyamaza. Dorka aliishiwa hata na maziwa. Jina la Zakayo la nyumbani, Ouma, hawakuliita. Wangeliitaje? Ouma alikuwa hai, anavaa viatu, ana baiskeli.

"Siku ile nilikuachia umshike nikaenda kisimani," akasema Dorka. "Niliporudi alikuwa amelala. Nikawaambia watu wewe una mkono wa baraka, na wewe ukakubali. Ulisema hata mwana wa simba ungemlaza. Ulimfanya nini?"

"Nilimwita Ouma. Sikioni. Mara moja tu."

Hakupiga kelele. Ningekuwa natunga hii ningesema alipasua nyumba kwa kilio. Alisema tu, "Wiki tatu, Nafutali. Jina ulikuwa nalo mdomoni wiki tatu."

Hajawahi kuniita kwa jina langu. Tangu mtoto ananiita kaka.

Nililibeba tunda nikarudi chumbani kwangu.

Saa tisa na kitu, mawe yakianza, nilimwona Mika anarudi, hana kofia. Nikatoka kumzuia njiani. Nikamuuliza, shemeji, mwalimu amesemaje? Alinyanyua vidole viwili. "Watoto wawili kutoka Chebunyo. Walifika jana na baba yao, wamepewa vitanda." Akapita. Nikamfuata mpaka kwenye ukingo wa paa lao, nikasimama pale mawe yakinipiga mgongoni, nikawasikia wakisemezana kwa muda mrefu, kisha mlango ukafunguka nusu.

Dorka alisema kutoka ndani, hakutoka. Mika atapanda lori kesho peke yake, kwa sababu mkataba ni mkataba. Yeye na watoto watateremka kwa mama yake Mika, wasome pale nyuma ya kanisa, na mwalimu akumbuke au asikumbuke. Mika harudi karibuni. Mimi nichukue tunda langu alfajiri nikazike nyumbani kama inavyotakiwa, karibu na Mama, na barua zote za Dorka niziweke humo humo pamoja naye, asizikose tena.

"Sisi tutaondoka jua likishapanda," akasema. "Wewe tangulia. Usitembee na watoto wangu njia moja."

Awino alikuwa nyuma yake gizani. Amevua ile nyeupe. Alinitazama kama alivyonitazama siku ya barua inayonuka chai, na nikajua kwamba tangu siku ile alikuwa ananingoja niseme mwenyewe.

Petro alikuwa nje bado, kwenye kona ya nyumba, anaokota mawe ya barafu na kuyaweka mdomoni. Ukosi wa buluu umelowa unachuruza rangi kifuani. Alininyooshea moja. Nilikuwa naunyoosha mkono.

"Ouma!" Dorka akaita. "Ingia ndani."

Hakuna aliyewahi kumwita hivyo ila mimi, mara moja, alipokuwa na wiki tatu. Petro hakuuliza ni nani anaitwa. Alitupa jiwe akaingia, na mlango ukafungwa.

Sasa mawe yamekwisha. Upande wa mtoni chai imekaa nyeusi na imeinama. Tunda liko juu ya kitanda changu, nimelifunga kwa shuka langu zuri, na chini yake barua, zimefika kimo cha kopo. Nimeuliza moyo wangu kama ningesema kweli hata kama lori lisingepita mlima ule. Jibu zuri naweza kulitunga, na leo sitatunga.

Alfajiri nateremka nalo. Njiani kuna watu wengi ninaojuana nao, na kila mmoja ataniuliza nimebeba nini. Safari hii sitasimama.